Mizigo ya Watu

Mtu akikuuliza Maskati mlifanya nini, utamtajia msikiti, ngome na bahari. Siku za mwisho hakuulizi, na wewe mwenyewe huna hamu ya kuzisimulia, maana ni siku za kufua nguo, kupima mabegi na kutafuta soksi ya mtoto chini ya vitanda vya watu. Wengi wetu tunazihesabu kuwa makombo ya likizo. Mimi nimerudi na maoni mengine. Ningeambiwa niirudishe safari ile yote nibakishiwe siku chache tu, ningeomba hizo hizo za mwisho.

Tulikwenda Desemba, shule zilipofungwa: mimi, baba watoto, binti yetu aliyemaliza darasa la saba na mdogo wake wa darasa la pili. Desemba ndiyo wakati watu wa kule wanapumua. Ukienda Juni au Julai, joto linavuka nyuzi 40 na nchi utaiangalia kupitia kioo cha gari. Mwenyeji wetu alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, anayekaa Seeb, kule pwani ya magharibi ya mji. Aliondoka Unguja msichana, miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, akapitia Dubai kwa jamaa. Sultani Qaboos aliposhika madaraka Julai 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika, Shangazi akawa miongoni mwa waliovuka. Oman nzima wakati ule ilikuwa na shule 3 tu za mfumo wa kisasa, zote za wavulana, na watu waliosomea Zanzibar na kwingineko Afrika Mashariki walikuwa wakitakiwa kila ofisi. Yeye akashika chaki, akafundisha wasichana mpaka akastaafu.

Siku za mwanzo tulizitumia kama wanavyozitumia wageni wote, kwa hiyo sitakaa sana hapo. Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa 2001, una zulia moja la zaidi ya mita za mraba 4,300, lililofumwa kwa mikono ya wanawake wa Iran; watoto walilikanyaga kwa adabu ambayo nyumbani sijapata kuiona. Tuliona ngome ya Nizwa na ule mnara wake mnene wa mviringo wa karne ya 17. Tulitembea Mutrah ufukweni jioni. Lakini kilichomshika mwanangu ni soko la mifugo la Nizwa, Ijumaa asubuhi. Pale muuzaji hakai na mbuzi wake akamngoja mteja. Anamzungusha kwa kamba kwenye duara, hatua za haraka, na wanunuzi wamejipanga katikati na pembeni. Anayempenda mbuzi anamsimamisha mwenyewe, anafungua mdomo wa mnyama atazame meno, anapapasa mgongo, anataja bei. Wakishindwana, mbuzi anarudi kwenye mzunguko kama hakuna kilichotokea. Mzee mmoja mwenye bakora alimwachia mwanangu kamba azungushe mara moja. Tangu hapo safari yote kwake ilikuwa ni mbuzi.

Na sisi pesa zilikuwa zikizunguka vivyo hivyo, ila hazikurudi. Riali ya Oman imefungwa kwenye dola kwa kiwango kimoja tangu 1986, na moja yake ni zaidi ya dola mbili na nusu. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya 6,000. Binti yetu alijifanya mhasibu wa msafara. Kila bei aliipiga hesabu hadharani, na ilifika mahali akakataa kinywaji kwa sababu, kwa maneno yake, hiyo ni nauli ya bodaboda ya wiki nzima. Kwa hiyo zilipobaki siku chache za mwisho, mfuko ulikuwa umeshasema wake. Hakukuwa na matembezi tena. Tukakaa nyumbani.

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shangazi alichelewa kulitoa jembe, lakini alipolitoa alilitoa kweli. Baba watoto alipewa bomba la jikoni lililokuwa likivuja tangu Ramadhani. Mimi nilipewa samaki wa kupara, changu wakubwa kutoka soko la Seeb, na kitunguu saumu cha kumenya kiasi cha kulisha harusi. Binti akapewa mbuzi ya nazi. Shangazi anayo, ya mti, aliyoletewa kutoka Unguja miaka mingi iliyopita, ulimi wake wa chuma umelika mpaka umekuwa mwembamba. Binti yangu, mtoto wa Tabata anayejua tui la pakiti, alikaa juu yake upande upande kama anayepanda pikipiki. Shangazi akamsimamisha, akamkalisha upya, akamshika viganja kwa nyuma.

"Usikandamize, mwanangu. Zungusha nazi, chuma kinajua kazi yake. Ukifika kwenye gamba acha, ukikwangua gamba tui linakuwa jeusi."

Nazi ya kwanza ilikuwa na vipande vya gamba. Ya pili ikawa nyeupe. Katika nazi hizo mbili Shangazi alisimulia mambo ambayo sikuyasikia wiki nzima ndani ya gari. Barabarani alikuwa akitutajia majina ya ngome; jikoni alitaja majina ya watu. Alisimulia wasichana wake wa mwanzo, waliokuja darasani wakiwa wakubwa, wengine na watoto mgongoni, na jinsi baba zao walivyokuwa wakisimama nje ya uzio kuhakikisha kinachofundishwa. Alisimulia jirani yake wa Malindi, Unguja, rafiki wa utotoni, waliyeibiana maandazi kupitia dirisha moja. Nadhani wazee wetu wengi wako hivyo. Ukimkalisha mtu kwenye kochi ukamwambia asimulie, anakohoa. Mpe kazi ya mikono, na wewe uwe na ya kwako, maneno yanakuja yenyewe.

Nawaambia wanaopanga safari ya kwenda kwa ndugu: acheni siku za mwisho wazi. Msiziwekee ngome wala ufukwe. Tulizoea kufanya kinyume, tunarundika matembezi mwishoni kwa hofu ya kukosa, tunawaaga wenyeji tukiwa tumechoka, na jina la mjukuu wa mwenye nyumba hatulijui.

Halafu habari ikatoka kwamba kuna watu wanaondoka.

Sijui inavyotoka. Kule Ijumaa na Jumamosi ndizo siku za mapumziko, na Ijumaa ile baada ya Swala kengele ya mlango haikupoa. Kila aliyeingia alikuja na salamu, akanywa kahawa na tende, akauliza hali ya Dar, na akiinuka akasema, "Nina kitu kidogo." Kitu kidogo cha mama yake Temeke. Kitu kidogo cha shemeji Mbagala. Bahasha. Abaya mbili za maharusi. Miwani. Mafuta ya kupaka magoti. Dawa za presha za miezi mitatu. Tulikuwa tumekuja na mabegi yaliyojaa kanga, visheti na achari za watu wa huku, nikadhani deni limelipwa. Kumbe zamu ilikuwa imegeuka tu.

Shangazi ana sheria yake. Anatandika mkeka ukumbini, na kila amana inafunguliwa juu ya mkeka mbele ya aliyeileta na mbele ya atakayeibeba. Wengi walijua, wakaja na vitu wazi. Kijana mmoja alileta boksi lililozungushiwa selotepu mpaka halionyeshi pembe. Baba watoto akanyamaza, akanitazama. Mimi nikamtazama Shangazi. Unamwambiaje mtoto wa watu, aliyekuita shangazi na kukupa mikono miwili, kwamba unataka kuona ndani?

"Lete kisu, mwanangu," Shangazi akasema. "Tufungue, tuone, tufunge tena."

"Ni dawa za mama tu, Bibi."

"Basi dawa za mama hazina haya."

Ndani mlikuwa na dawa za mama kweli, mashine ya kupimia sukari, viatu vya wazi na simu ya zamani. Kijana alikaa na uso uliokunjamana hadi kikombe cha pili cha kahawa. Lakini sikumwonea huruma sana. Kuna watu wetu wamefungwa jela za ughaibuni kwa begi la mtu mwingine, na uwanja wa ndege hauulizi nia yako, unauliza kilichomo. Wapo wanaosema kufungua amana ni kuvunja uaminifu. Naona ni kinyume. Aliyeficha ndani ndiye aliyekupunguzia imani, wewe umeombwa tu kubeba.

Usiku ikaja mizani. Tiketi zetu ziliruhusu kilo 30 kila mmoja, na Shangazi ana ile mizani ya ndoano, ndogo, unaitundika begi na kulinyanyua mpaka namba itulie. Baba watoto ananyanyua, mishipa ya shingo imetoka, binti anasoma: thelathini na tatu nukta nne. Teremsha. Toa halwa. Halwa ya Oman inakuja kwenye mabakuli ya plastiki yenye vifuniko, na ukiyatazama huwezi kudhani sukari, samli, wanga na zafarani vinaweza kuwa na uzito ule. Nyanyua tena. Thelathini na moja nukta tisa. Hapo ndipo Shangazi alipotupangia utaratibu bila kuulizwa: dawa kwanza, halafu karatasi, yaani barua, picha na vyeti, halafu nguo, na vya kula mwisho. Vyetu wenyewe vinaingia panapobaki nafasi. Abaya niliyojinunulia Mutrah, yenye mkono mpana uliotariziwa, ilibaki kabatini Seeb. Mpaka leo ipo. Bakora ya mwanangu, aliyoitaka ili naye awe muuza mbuzi, ilipita kwa sababu baba yake aliibeba mkononi kama mzee.

Zawadi zetu sisi tuliziweka kwenye ubani. Huo ulikuwa ushauri wa Shangazi na naupitisha kwa yeyote atakayekwenda kule. Ubani wa Oman unatoka Dhofar, kusini, karibu na Salalah. Mti unachanjwa ganda, utomvu unatoka na kukauka kuwa vidonge, ndipo unabanduliwa. Bora kabisa ni ule mweupe unaoelekea ukijani, unaopitisha mwanga ukiuinua juani. Ule wa hudhurungi ni wa kufukizia nyumba kila siku na bei yake inavumilika. Kwenye soko la Mutrah muuzaji alitupimia wa daraja la kati, na aliposikia tunabishana bei kwa Kiswahili alijibu kwa Kiswahili, akatuuliza kama Ng'ambo ya Unguja mvua imenyesha. Punguzo hakutoa. Usiku watoto waliugawa kwenye vifuko vidogo vidogo, sakafuni, na hesabu ya majirani, walimu, wafanyakazi wenzetu na mashoga zangu wa kikundi ikatimia ndani ya uzito usiofika kilo mbili. Mtu mwenye kifuko chake hana cha kulalamika, na aliyepata hapimi cha mwenzake.

Asubuhi ya kuondoka Shangazi hakuja uwanjani. Hapendi. Alitufukiza udi mlangoni, mmoja mmoja, akipitisha chetezo chini ya mitandio na ndani ya kola za watoto. Kwa watu wa Ghuba udi ukishapita, mgeni ajue ruhusa imetolewa, asikae tena. Mwanangu aliuliza kama sasa tunanuka kama msikiti. "Ndivyo," Shangazi akamwambia, "kwa hiyo ukiwa ndani ya ndege usipigane."

Alipigana, lakini na dada yake.

Safari ni saa tano na ushei, na saa moja unarudishiwa kwa sababu Dar iko nyuma. Milango ya jengo la tatu la Uwanja wa Julius Nyerere ikafunguka, miwani yangu ikaingia ukungu papo hapo. Joto la Desemba la Dar lina maji ndani yake. Kule lilikuwa kavu na la adabu. Dereva wa teksi alisema poleni na safari, akashika mabegi, akaguna, akauliza kama tumehama.

Nyumba iliyofungwa wiki kadhaa Tabata ina tabia yake. Jirani mwenye ufunguo alikuwa ametununulia umeme wa Luku na kufungua madirisha tangu asubuhi, Mungu amlipe. Hata hivyo viatu kabatini vilikuwa na ukungu mweupe, na mdudu fulani alikuwa ameshaanzisha ukoo kwenye unga. Tulikuwa tumejiwekea siku moja ya kupumzika kabla ya kurudi kazini, na kama kuna ushauri ninaoutoa kwa sauti, ni huo. Anayetua Jumapili usiku akaripoti Jumatatu asubuhi anaimaliza likizo kwa kugombana na watu wasio na kosa. Siku ile moja nilifua, nikalala mchana mlango wazi, nikapokea wageni waliokuja kutupa pole na kutazama mabegi.

Januari haikusubiri tubadili nguo. Karatasi ya mahitaji ya kidato cha kwanza ilikuwa ndefu: sare, madaftari, rimu ya karatasi, ndoo, reki, fagio. Binti, mhasibu wetu, aliijumlisha, kisha kwa mazoea akaigawa aone ni riali ngapi. Jibu lilimpendeza, likatoka dogo. Baba yake akamwambia aache, mshahara wake haulipwi Maskati. Kwa mama mkwe tulianza kabla ya wengine wote, kama inavyopasa, na halwa iliyonusurika mizani ilikwenda kwake nzima. Shuleni mwanangu aliambiwa asimulie likizo mbele ya darasa. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba alisikia habari za meno ya mbuzi kwa urefu, na hakuna msikiti uliotajwa. Nilijisikia vibaya kidogo kwa nauli. Kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nikiulizwa naanza na mbuzi ya nazi.

Amana zilichukua muda kuliko nilivyodhani. Temeke ilikuwa rahisi. Mbagala tulikwenda tukamkosa shemeji wa watu, tukarudi. Mama wa yule kijana wa selotepu alikuja mwenyewe, akaipima sukari yake pale pale ukumbini kwetu, ikawa juu, akasema mashine ya Waarabu haijui kusoma. Kila niliyemkabidhi chake alikaa, akala, akauliza mwanawe amenenepa au amekonda, anasali, ana mchumba. Nilijibu nilichokiona, na nisichokiona sikukijaza. Nilianza kuelewa kwamba macho yetu nayo yalikuwa sehemu ya mzigo. Dawa wangeweza kuzituma kwa njia nyingine. Mtu aliyemwona mtoto wao juzi hatumiki kwa posta.

Ikabaki ya Shangazi mwenyewe, ya Malindi. Nilipanda boti ya asubuhi, karibu saa mbili za bahari, nikaenda na binti. Rafiki wa Shangazi anaishi nyumba ile ile, ghorofa ya kwanza, ngazi zake zina giza hata mchana. Shikamoo zilipoisha akatandika mkeka. Nikacheka, akaniuliza nacheka nini, nikamwambia hata Seeb ndivyo wanavyofanya.

"Kwani huyo kafunzwa na nani?" akasema.

Akafungua. Kitambaa cha kushona gauni, alikikunja mara moja na kukiweka upande, kimekubaliwa. Picha ya Shangazi na wajukuu, aliisogeza karibu na dirisha akaitazama muda, akasema amezeeka kuliko yeye, na alhamdulillahi. Mafuta ya magoti, vizuri sana. Halafu ubani, ule mweupe wenye ukijani, ghali, Shangazi aliuchagua kidonge kimoja kimoja. Aliunusa, akaurudisha mfukoni mwake.

"Miaka yote ananiletea ubani. Kifua changu kinabana, siwezi kufukiza hata chumba. Mimi huugawa. Usimwambie."

"Sitamwambia, Bibi."

"Au mwambie. Alete mafuta chupa mbili."

Akainuka taratibu, akaenda chumba cha ndani, akarudi na furushi ambalo halikuwa la siku hiyo, lilikuwa limekaa tayari: doti mbili za kanga mpya, chupa ya achari ya ndimu iliyofungwa kwa mfuko juu ya mfuko, na kitu cha chuma kimefunikwa gazeti. Binti yangu alikifunua pembeni akakitambua kabla yangu. Ulimi wa mbuzi ya nazi, mpya, unang'aa, wa fundi wa mjini.

"Niliambiwa wa kwake umelika," Bibi akasema. "Nani anakwenda Maskati?"

Nikamwambia mtoto wa ami yangu anakwenda baada ya Idi.

"Mlete hapa kwanza. Na mwambie asijaze begi lake."